Waini nyekundu kavu (isiyo na utamu) ya Hispania, nipike nini?

MamaZawadi_Bamburi
Wadau habari za jioni. Nina chupa ya Rioja hapa, waini nyekundu ya Hispania, imeandikwa Crianza, shemeji yangu afanyaye kazi melini ndiye alotuletea chupa mbili. Ya kwanza tulifungua Pasaka na samaki wa kupaka, jamani! Nlipiga funda moja juu ya lile tui, mdomo wote ukawa na ladha ya chuma kama nimelamba msumari, na ulimi ukakauka. Sasa mwenyewe anarudi Jumamosi na nataka hii ilobaki ifunguliwe mbele yake kwa heshima. Nina mguu wa mbuzi kwa friza, nafikiria biriani. Mwaonaje? Na hii kitu inakaa kwa friji ama nje?

Mchomaji_Mtwapa
Dadangu pole, waini haikuwa mbovu, ni samaki ndiye hapatani nayo. Huko kukauka ulimi ni tanini, yatoka kwa ngozi na kokwa za zabibu na kidogo kwa pipa, ni kama vile waskia ukinywa chai ya rangi iliyolala na majani yake. Tanini hushikana na mate yako, lakini ikipata nyama yenye mafuta yashikana na nyama, mdomo unabaki laini. Crianza ya Rioja lazima ifikishe miaka 2 kabla ya kuuzwa, na angalau mwaka 1 iwe ndani ya pipa la mwaloni, hapo ndipo inapata kale kaharufu ka vanila. Na huko kwao Rioja wanachoma mbavu za mwanakondoo juu ya matawi makavu ya mzabibu, chumvi basi. Kwa hivyo wee choma huo mguu, chumvi na kitunguu thomu, ngoja makaa yafanye jivu, na yale mafuta tafadhali usiyakate.

jikoni_Nyali
Biriani mie nakataa kabisa. Pilipili ikikutana na pombe ya waini mdomo unawaka maradufu, halafu chakula chochote chenye utamu utamu, hata ule wa tui na vitunguu vya kukaanga, hufanya waini kavu ionekane chungu. Pilau isiyo na pilipili sawa, kachumbari weka kando kila mtu ajipakulie.
Friji: wanaosema nyekundu hainywewi baridi wanazungumzia nyumba za Ulaya. Inataka digrii 16 hadi 18 hivi, na Bamburi mchana twafika 30, ukiiacha mezani utaskia pombe tupu puani. Itie kwa friji saa moja na nusu hivi kabla ya kula, ikizidi sana tanini inakuwa kali.

Mchomaji_Mtwapa
Hapo kwa friji nakuunga mkono. Na siku ukikosa mbuzi, mishkaki ya ng'ombe yafaa pia, ila sio ile ya ukwaju na sukari.

MamaZawadi_Bamburi
Nimerudi, leo Jumapili. Tulichoma. Nlionja waini peke yake kwanza, bado ilikwaruza, nikatafuna kipande cha karibu na mfupa chenye mafuta yanayodondoka, nikanywa tena, ile ukali yote ikawa imekwenda na nikaskia zabibu yenyewe, kama plamu mbivu. Shemeji alikula kimya mpaka akamaliza sahani ndio akauliza nani alinifunza. Pilau nilipika na ikaliwa yote. Halua nilitoa mwisho na kahawa chungu, chupa ikiwa ishakwisha.