Naomba ushauri: MD ya Muhimbili au Bugando?

Shikamooni wakubwa, na wenzangu habari zenu.

Nimemaliza kidato cha sita, PCB (fizikia, kemia na baiolojia), nimechaguliwa kusoma udaktari vyuo viwili: MUHAS (Muhimbili) hapa Upanga, Dar, na CUHAS kule Bugando, Mwanza. TCU, tume ya vyuo vikuu, wanataka nithibitishe kimoja tu, na dirisha linakaribia kufungwa.

Nyumbani ni Mbagala. Mama kashaamua: MUHAS, chuo cha serikali, ada nafuu, na nitakula nyumbani. Kwenye ada simbishii. Ila foleni ya Kilwa Road yeye haijui, maana biashara yake iko hapa hapa mtaani. Mtu anayetakiwa wodini asubuhi akitokea Mbagala Rangi Tatu, miaka mitano, sijui atasoma saa ngapi! Na hosteli sina uhakika wa kupata.

Mwanza kuna mjomba anayekaa jirani na Bugando, chumba kipo, natembea kwa miguu. Tatizo ni ada ya chuo binafsi, na majibu ya mkopo wa HESLB, bodi ya mikopo, bado.

Nimewauliza madaktari wawili wa zahanati ya mtaani kwetu. Kila mmoja akasifia alikosoma yeye, nikarudi nilivyokwenda.

Naombeni mnisaidie haya mawili. Mliosoma vyuo hivi, mwanafunzi anapata nafasi ya kumshika mgonjwa mwenyewe wapi zaidi? Na nikithibitisha CUHAS halafu mkopo usifikie ada yote, wenzangu mliopitia hapo mlifanyaje, mlihama chuo au mlikubaliwa kulipa kidogo kidogo?