Nataka kuwa daktari wa emajensi na sumu, nipitie wapi?

mtoto_wa_arua: Wakubwa habari zenu, mi niko mwaka wa nne udaktari na roho yangu yote iko kwa emajensi, hasa mambo ya sumu, juu kijijini kwetu watu wanaweka dawa ya shamba kwa chupa ya soda na watoto wanakunywa. Njia ni gani?

dokta_zamu: Mdogo wangu, maliza miaka 5, intanshipu (mazoezi ya kazi hospitalini) mwaka 1, halafu masta ya tiba ya dharura, hapa Uganda chuo cha Makerere wanayo na cha Mbarara pia. Marekani wanamaliza emajensi kwanza, miaka 3 au 4, ndo wanaongeza 2 ya toksikolojia, yaani elimu ya sumu. Lakini shule yenyewe ni zamu ya usiku. Juzi mtoto kaletwa na boda, povu mdomoni, jasho, mboni za macho kama ncha ya sindano, nguo inanuka dawa ya wadudu. Tukamvua, tukamwosha, tukaanza atropini, dawa ya kupinga sumu hiyo, kila dakika 5 nasikiliza kifua, kikiwa bado kinakoroma nazidisha dozi mara mbili. Wengi wanaangalia mboni, hapana, subiri kifua kikauke! Alfajiri akaita mamake, nilitoka nje nikalia.

sista_kasese: Kweli kabisa daktari. Na parakwati, ile dawa ya kuua magugu, je, mwambie oksijeni isikimbiliwe, inazidi kuchoma mapafu.

mtoto_wa_arua: Asanteni sana. Likizo hii nisome nini?

dokta_zamu: Famakolojia, elimu ya dawa, na uombe kukaa kwa kitengo cha emajensi hata wiki mbili.