Kidimbwi kisichoungana na mto: kilindwe au mwenye kiwanja aachiwe?

Mleta mada:
Wakuu, hasa mlioko Marekani, naombeni hoja zenu. Mei 25, 2023, katika kesi ya familia ya Sackett dhidi ya EPA (shirika la serikali kuu la mazingira), Mahakama ya Juu iliamua kwamba sheria ya maji safi ya 1972 inalinda tu ardhi oevu ambayo maji yake yameshikana waziwazi na mto au ziwa. Vidimbwi vya porini vikabaki nje. Mwezi uliofuata, bunge la jimbo la North Carolina likaondoa ulinzi wa jimbo lenyewe pia, gavana akiwa amekataa kutia saini.

Nasema wamekosea, na shahidi wangu ni panzi kibete wa jenasi ya Tettigidea. Hafiki sentimita mbili. Gamba lake la shingoni limerefuka hadi kufunika mgongo wote, na rangi yake ni ya tope lenyewe. Shambani hana habari na mtu: anakula mwani wa kwenye udongo mbichi na majani yaliyooza. Panzi wengi baridi huwaua, yakabaki mayai ardhini. Huyu huivumilia akiwa hai chini ya majani makavu, kwa hiyo panzi unayemkuta kando ya maji Aprili mara nyingi ni yeye. Kidimbwi kikifukiwa Januari, naye amefukiwa humo humo.

Mchangiaji:
Ndugu yangu, panzi huyo amejaa mashariki yote ya Marekani. Hao Sackett walizuiwa kujenga kwao Idaho tangu 2007, na majaji wote tisa waliona wameonewa. Jimbo linalotaka ulinzi litunge sheria yake, kama Colorado 2024.

Mleta mada:
Kwamba walionewa, nakubali. Lakini kwenye kipimo cha ardhi oevu ipi ilindwe, majaji waligawanyika, watano kwa wanne, na Jaji Kavanaugh alionya kuhusu vinamasi vilivyo nyuma ya matuta ya kuzuia mafuriko ya mto Mississippi. Tuta linakata maji ya juu. Ya chini yanaendelea kupita. Panzi sikumleta kwa kuwa ni adimu. Nimemleta kwa kuwa alipo yeye, ardhi inashika maji, na hayo maji ukiyanyima mahali pa kukaa yataingia kwa jirani. Colorado wamejitungia sheria, sawa. Huyo jirani wa North Carolina, nyumba ikifurika, amdai nani?