Mkopo nilioacha kulipa 2016: naambiwa nitume elfu mbili "kuonyesha nia". Nitume?

Saluni_Umoja

Habari zenu. Naandika nikiwa kwenye kiti cha wateja, mlango nimeufunga, na simu nimeilaza kifudifudi kwa sababu tangu saa mbili asubuhi imelia mara saba, namba ileile.

Mwaka 2015 nilikopa 80,000 benki moja hapa mjini nikafungua hii saluni, Umoja. Pesa hizo ndizo drya mbili na sinki ninayooshea wateja hadi leo. Nililipa bila kukosa hadi Machi 2016, mtoto wangu wa pili alipolazwa wiki tano. Kila kitu kilienda huko. Salio lilikuwa kama 64,000. Sikuhama wala sikubadilisha laini.

Mwezi uliopita akaanza kupiga kijana anayesema ametumwa na kampuni ya kukusanya madeni. Anasema deni limefika 213,000 na kwamba askari watanijia hapa mbele ya wateja. Amempigia hata dada yangu Kitengela, ambaye hakunidhamini na hakujua habari ya mkopo. Nimeaibika sana. Jana akageuka mpole: "Mama, tuma tu 2,000 leo kuonyesha nia, nami nitaituliza hii faili." Elfu mbili ninayo, ya unga na tokeni za stima. Namba ya Paybill nimeshaiandika, imebaki PIN tu.

Shemeji yangu anasema deni likipita miaka sita haliendi kortini. Ni kweli? Na nitume au nisitume?

Nilikuwa_Mkusanyaji

Dada, futa hiyo Paybill kwanza, ndipo usome.

Nilifanya kazi hiyo miaka minne. Faili kuukuu zilikuja kwa mafungu, na kwenye orodha kulikuwa na safu ya tarehe ya malipo ya mwisho. Zilizopita miaka sita msimamizi alizipaka rangi ya manjano. Kwa hizo za manjano hatukuambiwa tudai deni lote. Tuliambiwa tupate chochote, hata mia tano, na neno tulilofundishwa kutumia ni hilohilo, "nia". Niliwaambia hivyo akina mama wengi kama wewe, na jambo hilo linaniuma mpaka leo.

Sababu ni hii. Hapa Kenya, Sheria ya Ukomo wa Mashauri, Sura ya 22, inampa mdai miaka sita kufungua kesi ya deni la mkataba. Lakini ukilipa sehemu, au ukikiri deni kwa maandishi yenye sahihi yako, miaka sita inahesabiwa upya kuanzia siku hiyo. Elfu mbili yako ya unga ingewafufulia kesi ya 213,000.

Habari ya askari usiijali. Polisi hawakamati mtu kwa mkopo wa benki usiolipwa. Hata jela ya madai huja baada ya hukumu na amri ya hakimu.

Mjenzi_Pipeline

Mimi nitasema ukweli. Pesa si ulipewa? Deni ni deni. Benki nayo ina wenyewe.

Saluni_Umoja

Ndugu yangu, sijakataa. Hizo 64,000 nazijua na zinaninyima usingizi. 213,000 ndiyo sijui imetoka wapi. Na dada yangu alikosa nini?

Karani_wa_Wakili

Mama, pole kwa yote. Nafanya kazi kwenye ofisi ya mawakili karibu na Milimani, na nataka kuongezea pale alipoachia mwenzangu, kwa sababu watu wengi husikia "miaka sita" wakalala.

Deni lenyewe halifi. Kinachokufa ni haki ya kukushtaki, na utetezi huo ni lazima uuweke mwenyewe kwenye majibu yako. Hakimu hakutafutii. Nimeona deni la miaka minane likishinda kwa sababu mdaiwa aliona samansi, yaani wito wa korti, akaipuuza, kesi ikaamuliwa bila yeye. Hukumu ikishatolewa, mdai ana miaka kumi na miwili ya kuitekeleza, na hapo ndipo madalali wa korti huja kuhesabu viti vyako. Tangu 2020 samansi inaweza kuletwa hata kwa WhatsApp, kwa hiyo usimfungie huyo kijana wala usifute ujumbe wake. Madai yasiyozidi milioni moja yanaweza kupelekwa Mahakama ya Madai Madogo, na kesi za huko hukimbia sana.

Kuhusu 213,000: kifungu cha 44A cha Sheria ya Benki kinasema mkopo ukishaharibika, yaani ukikoma kulipwa, riba haiwezi kuzidi msingi (pesa ya mkopo yenyewe) uliobaki siku ulipoharibika. Kama ni 64,000, riba mwisho wake ni 64,000 nyingine, yaani 128,000, pamoja na gharama za kufuatilia deni, nazo wazithibitishe. Muulize hiyo nyingine ni ya nini.

Nenda tawini uchukue taarifa ya mkopo tangu mwanzo, utafute tarehe ya malipo ya mwisho. Usitegemee kumbukumbu. Ukitaka kuilipa ile 64,000, hiyo ni heshima yako, lakini barua yoyote isomwe na wakili kabla hujatia sahihi, na benki ikuandikie kwanza kwamba kiasi hicho kinamaliza deni. Habari ya dada yako ipeleke kwa Kamishna wa Data, chini ya Sheria ya Kulinda Data ya 2019. Hawatozi kitu.

Mwalimu_Kayole

CRB, wale wanaotunza rekodi za wakopaji, ina hesabu yake, msichanganye na ile miaka sita ya korti. Omba ripoti yako, moja kwa mwaka ni bure.

Saluni_Umoja

Nimetoka benki sasa hivi. Karatasi nne. Nilidhani mstari wa mwisho utakuwa Machi 2016, kumbe kuna mwingine chini yake: 14 Agosti 2018, shilingi 1,500. Nimesimama pale nje ya tawi nikikumbuka. Alinipigia mwanamke, sauti nzuri, akaniambia nionyeshe nia. Nilitoa kwenye pesa ya chama cha kuweka akiba.

Kwa hiyo hesabu yangu inaanzia hapo, na ilikwisha Agosti 2024. Karani, naomba unithibitishie.

Kijana amepiga saa tisa. Nimemwambia alete barua ya benki inayompa kazi hii, nakala ya mkataba na mchanganuo wa 213,000. Akanyamaza kidogo, akasema atanipigia. Tokeni nimenunua.