Kifaa cha kusikia kinapiga filimbi na betri haidumu, nifanyeje?

MwanaNeema: Wakuu, habari zenu. Natumia kifaa cha kusikia, kile kinachokaa nyuma ya sikio, upande wa kushoto. Nikitafuna kinapiga filimbi, nikisogeza simu kinapiga filimbi. Betri nayo naweka jioni, asubuhi imekufa. Kazi yangu ni kupokea simu, na juzi nimemjibu mteja "ndiyo" kwa swali ambalo sikulisikia kabisa. Nisaidieni, kinasafishwaje? Naogopa kukiharibu.

FundiMkimya: Karibu dada. Mimi mwaka wa 14 huu navaa, masikio yote mawili. Maji usithubutu, wala spiriti. Kila jioni kifute kwa kitambaa kikavu. Kwenye tundu la sauti tumia kaburashi kadogo, tundu likiwa limeangalia chini ili nta idondoke, isizame ndani. Ile plastiki ya sikioni peke yake ndiyo unaweza kuichomoa pamoja na mrija ukaiosha kwa maji ya vuguvugu na sabuni laini. Iache ikauke usiku kucha, maana tone likibaki mrijani sauti inakatika.
Betri zake zinatumia hewa. Ukibandua kistika, subiri dakika moja au mbili ndipo ufunge kimlango. Usiku kiache wazi.
Filimbi ni sauti inayovuja sikioni na kurudi kwenye maikrofoni. Ama una nta nyingi, ama plastiki haikukai. Ulichukuliwa umbo la sikio lini?

BabaWatatu: Dada, ukichoka nacho niazime mimi, nikichelewa kurudi nyumbani nakivaa kikiwa kimezimwa 😂

MzeeKipimo: Vijana mnajitakia. Visikilizi masikioni kutwa kucha, sauti mwisho. Shirika la Afya Duniani linasema desibeli 80 usizidishe saa 40 kwa wiki. Nani anafuata?

MamaTulivu: BabaWatatu, usifanye mzaha. Mume wangu alikataa vifaa miaka mingi. Nikimsemesha toka chumba cha pili haitiki, nikawa naamini ananidharau. Tumenuniana bure! Alipokubali, siku ya pili akavivua, eti kandambili zake mwenyewe zinampigia kelele. Mtaalamu akamwambia ubongo umesahau sauti ndogondogo, aanze na saa chache kwenye chumba tulivu, aongeze polepole. Ilichukua wiki kadhaa. Mimi nami nilijifunza kumfuata alipo, nimtazame usoni kabla sijafungua mdomo. Kupiga kelele hakusaidii, kunapotosha maneno tu.

FundiMkimya: MwanaNeema, hujanijibu.

MwanaNeema: Asanteni nyote. Umbo sijachukuliwa. Kifaa ni cha marehemu baba, kilikuwa kwenye droo yake. Najua mtanisema, lakini kinafanya kazi, na baba asingeninyima. Nimeshakizoea kidogo.

FundiMkimya: Pole sana kwa msiba, dada. Baba asingekunyima, ila plastiki hiyo ilifinyangwa kwa sikio lake, ndiyo maana inapiga filimbi. Halafu kifaa hupangwa kufuata grafu ya kipimo cha mwenyewe, sauti nyembamba aongezewe kiasi gani, nzito kiasi gani. Kama yeye alikuwa hasikii sana, kinaweza kukupigia sauti kubwa hadi kikuumize. Wewe umepimwa?

MwanaNeema: Bado. Nitaenda mwisho wa mwezi nikipata ruhusa. Sitaki kazini wajue, niko kwenye majaribio. Isitoshe tatizo lenyewe si la zamani, huenda likaisha.

NesiMstaafu: Si la zamani kivipi, mwanangu? Lilianza lini?

MwanaNeema: Jumanne. Leo siku ya sita. Niliamka nikakuta sikio kama limejazwa pamba, na mlio mwembamba haukatiki. Usiku wa kuamkia siku hiyo nililala nasikia vizuri. Nikahisi ni mafua.

NesiMstaafu: Mwanangu, acha habari ya filimbi. Sikio moja kupoteza usikivu ghafla namna hiyo ni dharura mpaka daktari athibitishe vinginevyo. Inaweza kuwa nta, inaweza kuwa neva ya sikio. Kama ni neva, dawa za steroidi husaidia zaidi zikianza siku za mwanzo, na kwa kawaida huanzishwa ndani ya wiki mbili. Ukingoja mwisho wa mwezi utakuwa umechelewa. Nenda kesho asubuhi kwa daktari wa masikio, pua na koo.

MwanaNeema: Kesho nina zamu. Nikikosa wataniondoa.

MkweliDaima: Mimi nanusa chai. Mwanzo "natumia kifaa", kumbe siku sita! Na betri inayokufa kila usiku, hata ukisahau kuzima kifaa, haipo. Katunga huyu, anatafuta wachangiaji.

BabaWatatu: Hata mimi nimeona hilo la betri.

MzeeKipimo: Kumbe nimeandika bure.

MwanaNeema: Sitafuti mtu. Betri nazo ni za droo ya baba. Zilikuwa kwenye kikopo, vistika vimeshabanduliwa.

FundiMkimya: MkweliDaima, umepata jibu. Betri hizo kistika kikishatoka zinaanza kuisha hata zikikaa tu, na kukirudishia hakusaidii. Mtu asiyezijua asingewaza kutunga hilo la kikopo. Dada, kwa simu za kesho tumia sikio la kulia. Zamu mwombe mwenzako.

MamaTulivu: Mwenzako akikataa, nenda hivyohivyo. Tafadhali.

*Siku iliyofuata*

MwanaNeema: Nimeenda. Nta hamna. Daktari alinigusisha uma wa chuma unaovuma katikati ya paji la uso, sauti nikaisikia upande wa kulia tu. Kipimo kimethibitisha ni neva. Nimeanza vidonge leo, narudi kupimwa tena. Hakunihakikishia kwamba usikivu utarudi. Msimamizi nimemwambia ukweli, kanihamishia dawati la barua wiki hii.
Kifaa cha baba nimekivua. Nikitunze vipi?

FundiMkimya: Toa betri, acha kimlango wazi, kiweke kwenye kikopo kinachofunga vizuri pamoja na kipakiti cha kunyonya unyevu. Betri mbovu watoto wasizifikie, zikimezwa ni hatari kubwa. Ukipimwa tena nenda nacho. Kama utahitaji kifaa, mtaalamu atakwambia kama hicho kinaweza kupangwa upya kwa sikio lako.