Tupeane uzoefu: bushi za injini ya vespa, nani kabadilisha mwenyewe nyumbani?

Vespa ya Jang'ombe
Assalam aleikum wana vespa. Vespa yangu, PX ya gia, imeanza kuyumba makalio. Nikikata kona pale Mnazi Mmoja, mbele inakwenda ninakotaka mie, nyuma inakwenda inakotaka yenyewe. Tairi mpya nimetia, bado. Fundi mmoja kasema beringi, mwengine kasema bushi za injini, yale mapira yanayoishika injini kwenye bodi, zimekufa. Nimeipandisha standi, nikalishika gurudumu la nyuma nikalisukuma kulia na kushoto, injini nzima ikacheza nalo. Kwa hiyo nshaamini ni bushi. Nataka kuifanya kazi hii mwenyewe, uani kwetu. Aliyewahi kufanya atuambie nini kilimsumbua. Wenye otomatiki nanyi karibuni.

Kutu ya Bububu
Waalaikum salaam yakhe. Umeshika pahala penyewe. Tokea vespa ya kwanza ya Piaggio mwaka 1946, injini ndiyo inayolibeba gurudumu la nyuma, hakuna mkono mwengine. Kwa hii PX yako, mbele injini imeshikwa na bolti moja ndefu inayopita kwenye bodi na kwenye bushi, nyuma imeshikwa na shokapu, basi. Bushi zikilegea, gurudumu la nyuma haliko tena mstari mmoja na la mbele. Ndo maana wengi hudhani tairi inavuja upepo, wakapeleka pesa kusikohusika.

Sasa sikiliza: kazi si bushi, kazi ni bolti. Mie nakaa karibu na pwani. Nati ilitoka bila taabu, lakini bolti ilikuwa ishagandana kwa kutu na kibomba cha chuma kilichomo ndani ya bushi. Nikapuliza mafuta ya kulegezea kutu, nikaiacha ilale, asubuhi nikapuliza tena. Nikairejesha nati mpaka mwisho wa uzi ndipo nikagonga, maana ukiigonga bolti tupu uzi unafumuka kichwa na haitapita tena kwenye tundu. Wapi! Haikusogea hata unywele. Mwisho nikaikata. Unachukua wembe wa msumeno wa chuma bila ya fremu yake, unaufunga kitambaa upande mmoja, unauingiza kwenye mwanya ulioko baina ya bodi na injini, unakata taratibu. Ukimaliza upande huu unahamia wa pili. Grainda haiingii pale, na hata ingeingia, cheche karibu na tangi la petroli mie sizitaki. Ushauri wangu: nunua bolti mpya siku ile ile unayonunua bushi. Ya zamani ikitoka nzima, hujapoteza kitu.

Bint Chake
Sie kwetu Pemba tuliifanya na kaka yangu, bolti ikatoka kwa nyundo, alhamdulillah. Kilichotutesa ni kuutoa mpira wa zamani kwenye injini. Ukiuvuta unanyofoka vipande. Tukautoboa kwa drili matundu kuzunguka, ukalegea, ukatoka. Kuingiza mpya msigonge na nyundo jamani, lile ni alumini, likipasuka hadithi inakuwa nyengine kabisa. Tafuteni bolti ndefu yenye uzi mwote, nati mbili na washa kubwa kubwa. Unaipitisha katikati, unakaza pole pole, inaivuta bushi ndani yenyewe, iwe imenyooka. Maji ya sabuni yanatosha kuutelezesha mpira.

Na spea kwetu huja na boti kutoka Unguja, kwa hiyo pima kwanza kipenyo na urefu, msiagize kwa jina la vespa tu.

Mchana Kazini
Mie nilimpelekea fundi, nikakaa kijiweni nikinywa kahawa mpaka akamaliza. Uzoefu wangu ndo huo.

Otomatiki Paje
Kwa sisi wa otomatiki kuna jambo jengine. Injini haijashikana na fremu moja kwa moja, katikati kuna kipande cha chuma, nacho kina bushi zake. Watu hubadilisha za injini, zile za kile kipande wakaziacha, mtetemo ukabaki vile vile. Ziangalieni zote.

Zangu zilikuwa na gamba la chuma kwa nje, limekaza ndani ya alumini. Mpira ukishatoka, lile gamba unalikata kwa ndani na wembe wa msumeno, ukikaribia alumini unasita, kisha unalikunja kwa tindo. Bushi mpya nikazilaza kwenye friza usiku kucha, na kwenye injini nikamwaga maji ya moto kabla ya kuziingiza. Chuma kikipata baridi kinasinyaa, alumini ikipata moto inatanuka. Ziliingia kwa kusukumwa tu. Bi mkubwa alifungua friza akazikuta kando ya pweza, hapo ndo palipokuwa na kazi.

Mzee wa Kikwajuni
Mwanangu wa Jang'ombe, kabla hujagusa ile bolti, tia kreti chini ya bodi, tia jeki au magogo chini ya injini. Fungua waya wa klachi, wa breki ya nyuma, na zile mbili za gia uzifunge nyuzi za rangi mbalimbali, zisije zikaingia kinyume. Funga petroli. Usiiache injini ikaning'inia kwenye waya.

Vespa ya Jang'ombe
Shikamoo mzee, ahsante. Suali: bolti nikaze ikiwa juu ya kreti au chini?

Kutu ya Bububu
Juu ishike tu. Kaza kabisa ikiwa chini, imebeba uzito wake. Ule mpira hauzunguki, unajinyonga. Ukikaza injini ikiwa imening'inia, hata ukiiegesha tu mpira unakuwa umeshajinyonga, unapasuka kabla ya siku zake. Na grisi paka kwenye bolti, mpira usiupake grisi.

Vespa ya Jang'ombe
Basi Ijumaa baada ya sala naanza. Nnayo nyundo na jeki, wembe wa msumeno sina.

Kutu ya Bububu
Pita kwangu uchukue. Lakini uurejeshe.