Kamaliza mseto, kipimo bado mistari miwili: ni malaria sugu kweli?

MamaNjoro, Moshi
Habari za jioni wapendwa. Mwanangu wa darasa la kwanza alikuwa likizo kwa bibi yake Chekereni, huko kwenye majaruba ya mpunga. Akarudi na homa, akapimwa kile kipimo cha kidole, mistari miwili, akapewa mseto. Dozi kaimaliza yote, nampa na maziwa kama nilivyoelekezwa, homa ikakata, akarudi kucheza. Sasa ni juma la pili tangu amalize dawa, ameanza kukohoa na usiku anachemka kidogo. Nimempeleka zahanati moja hapa mjini, wakamchoma kidole: mistari miwili tena. Nikaambiwa malaria imekuwa sugu, aanze sindano, na "taifodi nayo imo". Karatasi waliyonipa inasoma hivi: Malaria Ag, chanya. Widal O 1:80, H 1:80. Hiyo bei ya sindano na vidonge vya taifodi itabidi niuze kuku wote.

Wanaojua maabara naomba mnieleweshe. Hiyo Ag ni kitu gani? Na mistari miwili baada ya dozi kamili ndiyo kusema dawa imegoma? Jirani ananishauri nimpe mseto mwingine wa dukani.

KotiJeupe_Pasua
Pole kwa kuuguliwa, mama. Niko maabara hapa hapa Moshi, na wiki haiishi sijaiona karatasi ya namna hiyo. Mtoto kwanza: akianza kupumua haraka, kifua kikawa kinabonyea ndani, akitapika kila anachokunywa, akilegea au akipata degedege, usisubiri majibu ya humu, mkimbize hospitali. Hata akiwa anakula na anacheza, kesho aonwe na daktari wa kumsikiliza kifua. Mseto wa dukani wa kubahatisha, hapana.

Ag ni antijeni, yaani kitu cha mdudu ambacho kingamwili hukitambua na kukikamata. Kwenye kipimo cha kidole, antijeni inayotafutwa ni protini iitwayo HRP2. Inatengenezwa na Plasmodium falciparum, mdudu wa malaria, akiwa ndani ya chembe nyekundu, na chembe ikipasuka inamwagika kwenye damu. Ndani ya ule utepe kuna kingamwili zilizotengenezwa maabara kwa chembe za panya, ujuzi ambao Köhler na Milstein waliutoa Cambridge mwaka 1975, nazo zimebandikwa punje ndogo mno za dhahabu. Dhahabu kweli, ule wekundu wa mstari unatokana nayo, ila msikwangue mkapeleke kwa sonara. Kingamwili zinaikamata HRP2, zinatembea nayo kwenye utepe, zinanaswa pamoja kwenye mstari wa kipimo. Mstari wa C wenyewe unanasa kingamwili za panya tu. Unathibitisha kwamba maji yamefika mwisho, habari za mtoto haugusi.

Shida iko hapa: utepe haujui kama mdudu yuko hai. Mseto unawaua wadudu ndani ya siku chache, lakini HRP2 inabaki kwenye damu wiki mbili, tatu, wengine mwezi na zaidi, hasa aliyekuwa na wadudu wengi. Mbege imeisha, kibuyu bado kinanukia. Kwa hiyo mistari miwili juma la pili baada ya dozi ni jambo la kutegemewa, na kuita hiyo usugu ni kumtisha mzazi bure. Ninasema kwa ukali kwa sababu tunaona watoto wanachomwa sindano wasizozihitaji, na kikohozi chenyewe hakuna aliyekigusa.

Omba BS, kipimo cha damu kwa hadubini. Tone nene la damu linawekwa kwenye kioo, linakaushwa, linapakwa rangi ya Giemsa, halafu mtu anakaa kwenye hadubini na kuhesabu wadudu huku akihesabu chembe nyeupe 200. Wakionekana wadudu wenyewe, hapo ndipo mzungumzie dawa nyingine. Sindano ya artesunate ni ya malaria kali.

Usugu upo, sikatai. Kuna jeni ya mdudu inaitwa kelch13, na badiliko lake moja linaandikwa R561H: kwenye nafasi ya 561 ya protini, asidi amino iitwayo arginini imeondoka, imekaa nyingine, histidini. Liliripotiwa Rwanda mwaka 2020, na baadaye Kagera. Mdudu mwenye badiliko hilo anachelewa kufa kwa artemisinini, aina ya dawa iliyomo kwenye mseto. Lakini kitu kama hicho kinaonekana kwa kusoma DNA ya mdudu, na utepe hausomi DNA.

Widal ni habari nyingine kabisa, maana yenyewe inatafuta Ab, yaani kingamwili za mtoto mwenyewe. Mpimaji anachanganya maji ya damu na tone la dawa ya rangi yenye bakteria wa taifodi waliouawa, anazungusha kioo, anaangalia kama zimegandana vipunjepunje. O ni antijeni za mwili wa bakteria, H ni za mikia yake. 1:80 maana yake damu imezimuliwa mara 80 na bado kugandana kunaonekana. Kwa nchi yenye taifodi kama yetu, watu wazima kwa watoto wanatembea na kingamwili hizo kutokana na maambukizi ya zamani, au ya salmonela wengine, bakteria wa ukoo huohuo. Widal ya mara moja, tena 1:80, mimi siiti taifodi. Kipimo hiki kilianza 1896, kimetumika vya kutosha. Anayetaka uhakika aoteshe damu, asubiri siku kadhaa aone kama bakteria anaota.

MtuWaSakina
Mkuu umenifungua. Kinyume chake je? Mimi nilitoka Mto wa Mbu natetemeka, utepe ukasoma hasi mara mbili, kuja kupimwa kwa hadubini hapa Arusha mjini wadudu hawa hapa. Utepe ulikuwa umeharibika?

KotiJeupe_Pasua
Inawezekana, utepe ukikaa kwenye boksi juani unaharibika. Inawezekana pia wadudu walikuwa wachache mno kwa utepe, au ni malariae au ovale, aina nyingine za wadudu wa malaria, ambao hawatengenezi HRP2 kabisa; tepe zenye mstari wa HRP2 peke yake haziwaoni.

Ipo sababu ya nne, na ndiyo inayowanyima watu usingizi. Wapo falciparum waliopoteza jeni yenyewe. Mdudu huyu ana kromosomu 14, zile nyuzi zinazobeba jeni. Jeni ya hrp2 iko kromosomu ya 8, na ndugu yake hrp3 iko ya 13, zote karibu na ncha, mahali ambapo vipande hunyofoka kirahisi. Hrp3 inatengeneza protini inayofanana na HRP2 kiasi kwamba kingamwili za utepe wakati mwingine zinaikamata hiyo, ndiyo maana watafiti wanazipima zote mbili. Mdudu asiye nazo anaishi vizuri tu, na utepe unasoma hasi, mgonjwa anarudishwa nyumbani na Panadol, mbu wanamuuma, wanambeba mdudu yuleyule kwenda kwa mwingine. Yaani kipimo chetu wenyewe kinamchagua. Iliripotiwa kwanza Peru mwaka 2010, ikaja kuwa kubwa Eritrea mpaka wakabadilisha vipimo. Shirika la Afya Duniani linasema nchi ibadilishe pale ambapo wagonjwa wanaokosewa kwa sababu hiyo wanapita asilimia 5. Mbadala ni tepe zinazotafuta pLDH, kimeng'enya cha mdudu, ambacho pia kinapotea mapema mdudu akifa.

Kuthibitisha ni PCR, ile ya Kary Mullis ya mwaka 1983: unachagua kipande cha jeni, unakizidisha mara mamilioni, kisipotokea wakati jeni nyingine za mdudu zimetokea, unajua hakipo. Kwako wewe wa Sakina siwezi kusema ni hilo, ila hasi ya utepe kwa mtu anayetetemeka aliyetoka bonde la Manyara haitoshi kumrudisha nyumbani.

Bibi_Kiboriloni
Wanangu, na mimi nisaidieni. Mjukuu wangu mama yake yuko kwenye dawa za kupunguza makali. Mtoto alipofika wiki 6 walimtoa damu ya kisigino wakaidondosha kwenye karatasi, majibu yakaja hana. Sasa ana miezi 9, juzi sehemu nyingine wamempima kidole, wanasema anao. Sijalala.

KotiJeupe_Pasua
Shikamoo bibi. Ya kisigino ilitafuta DNA ya kirusi cha UKIMWI. Ya kidole imetafuta kingamwili, na mtoto anazaliwa na kingamwili za mama yake zilizopita kwenye kondo la nyuma. Zinaweza kukaa mpaka miezi 18. Kwa umri wa mjukuu wako kipimo cha kidole hakiwezi kusema anao. Lakini usiishie hapo: kama ananyonya bado kuna nafasi ya kuambukizwa, kwa hiyo arudi kliniki yake wachukue tena ile ya karatasi, na mama asikatishe dawa. Huyohuyo mama, hata virusi vyake vikishuka mpaka havipimiki, kipimo cha kidole kitaendelea kumsoma anao, kwa sababu kingamwili zake zipo palepale. Msije mkadanganywa na mtu.

Bibi_Kiboriloni
Marahaba mwanangu. Jumatatu tunaenda.

MamaNjoro, Moshi
Nimerudi. Tulienda kituo kingine, BS hakuna wadudu. Daktari kamfunua shati, kamhesabia pumzi dakika nzima kwa saa, kasema ni kifua, kampa amoksilini. Sindano hakuna na taifodi hakuna, kuku wangu wapo. Swali la mwisho: bibi yake anamtaka tena Chekereni sikukuu. Akirudi na homa nianze na kipimo gani?

KotiJeupe_Pasua
Ikiwa umepita muda mrefu tangu mseto, miezi miwili mitatu, kipimo cha kidole kinafaa. Ikiwa ni ndani ya wiki chache, taja tarehe aliyomaliza dawa kabla hawajachoma kidole, na uombe BS. Na alale kwenye chandarua huko, majaruba yale nayajua.